Hesabu ya Boukpeti kwenye maji ya Beijing

Tarehe 12 Agosti 2008, Benjamin Boukpeti wa Togo alimaliza mbio zake za slalomu ya kayaki kwenye Michezo ya Olimpiki mjini Beijing, akatwaa medali ya shaba na kulivunja kafi lake kwa furaha juu ya kayaki. Picha hiyo ndiyo iliyobaki vichwani mwa watu. Kinachostahili kuangaliwa zaidi ni kazi iliyoitangulia.

Katika slalomu, mpiga kafi hushuka kwenye maji ya kasi akipita kwenye malango ya nguzo zinazoning'inia. Malango ya kijani hupitwa kwa kuteremka na maji, mekundu kwa kuyapanda. Kugusa nguzo ni adhabu ya sekunde 2. Kuruka lango, sekunde 50.

Malango mekundu ndiyo yanayopambanua mafundi. Nyuma ya kizuizi, maji hugeuka na kurudi juu. Fundi hashindani na mkondo mkuu: huchomeka omo kwenye maji hayo yanayorudi, hulaza chombo upande wa ndani, kisha hulisimika kafi liwe mhimili. Tezi nyembamba huzama, omo huinuka, na kayaki yenye urefu wa mita 3.5 huzunguka papo hapo huku mabega yakipenya kando ya nguzo. Kazi kubwa imefanywa na maji. Aliyekosea pembe hulazimika kuvuta kafi mara mbili tatu zaidi, na muda umekwenda.

Boukpeti, mzaliwa wa Ufaransa mwenye baba Mtogo, alikuwa ameishia nusu fainali kule Athens 2004. Mwaka 2008 muda wa nusu fainali ulijumlishwa na wa fainali, na yeye aliongoza nusu fainali. Aliingia fainali akiwa na akiba ya muda, na akiba hiyo ilikuwa na thamani kubwa: Alexander Grimm wa Ujerumani aliyeshinda, Fabien Lefèvre wa Ufaransa na Boukpeti walitenganishwa na chini ya sekunde 2. Guso moja zaidi la nguzo lingemshusha Grimm hadi nafasi ya tatu.

Kwa hiyo wanaoiita shaba ile bahati wanakosea. Ilijengwa mara mbili siku ile ile, lango kwa lango. Hadi Michezo ya Paris 2024 inamalizika, Togo haikuwa na medali nyingine ya Olimpiki.