Kosa Dogo Lililojumlishwa: Uhakiki wa Ushahidi wa Uteuzi Asilia wa Kimo Barani Ulaya

Mwaka 2012, Michael Turchin na wenzake walichapisha katika jarida la Nature Genetics makala iliyodai kuwa aleli zinazohusishwa na kimo kirefu zimezidi miongoni mwa watu wa Ulaya ya Kaskazini kuliko wa Kusini, na kwamba uteuzi asilia dhaifu uliosambaa katika jenomu unaeleza tofauti hiyo vizuri zaidi kuliko bahati pekee. Waandishi walisisitiza kuwa matokeo hayo hayakuvurugwa na tofauti za nasaba. Dai hilo la mwisho ndilo linalohakikiwa hapa, kwa kuwa hoja nzima imeegemea juu yake.

Makadirio ya athari za aleli yalitokana na mradi wa GIANT, uliounganisha takwimu za sampuli nyingi kutoka nchi mbalimbali. Utaratibu huo ulifaa kwa lengo lake la awali, yaani kubaini maeneo ya jenomu yanayohusiana na kimo. Toleo la mradi huo la mwaka 2014, lililohusisha watu 253,288, lilitambua tofauti 697 za kijenetiki. Hata hivyo, kipimo kinachotosha kutambua eneo moja moja hakitoshi, kwa sababu hiyo tu, kulinganisha jamii nzima.

Udhaifu wenyewe hauko katika ukubwa wa kosa, bali katika mwelekeo wake. Ikichukuliwa kuwa watu wa kaskazini ni warefu zaidi kwa sababu ya lishe au afya ya utotoni, aleli yoyote iliyo nyingi kaskazini, hata isiyohusika na ukuaji, itaonekana kuongeza kimo kidogo iwapo nasaba haikurekebishwa kikamilifu. Katika aleli moja, kosa hilo halina uzito. Aleli nyingi zinapojumlishwa, makosa ya kubahatisha hupunguzana, ilhali yenye mwelekeo mmoja hulimbikizana. Nacho kipimo cha uteuzi huuliza iwapo aleli za kimo kirefu zimezidi kaskazini. Hivyo husoma kosa kana kwamba ni ushahidi.

Mwaka 2019, tafiti mbili zilizochapishwa katika eLife, moja ikiongozwa na Jeremy Berg na nyingine na Mashaal Sohail, zilirudia uchanganuzi kwa kutumia UK Biobank, hazina ya data ya watu wapatao 500,000 wa Uingereza. Ishara ya uteuzi ilififia sana, na katika baadhi ya vipimo ikatoweka.

Matokeo hayo hayathibitishi kuwa uteuzi haukutokea. Yanaonyesha kuwa ushahidi uliotolewa hauwezi kubeba dai hilo. Ulinganisho wa ndugu wa baba na mama mmoja ni njia imara zaidi, kwa kuwa aleli wanazotofautiana hugawanywa kwa nasibu ndani ya familia. Gharama yake ni sampuli ndogo na makadirio yasiyo thabiti. Gharama hiyo inastahili kulipwa kabla ya tofauti yoyote baina ya jamii kuhusishwa na jeni, kwa sababu dai la aina hiyo, likishaenea, halirudishwi kwa urahisi na masahihisho ya kitakwimu.