Mwaka Kogwa: mgeni anahesabiwa jikoni

Mwaka 2016 Unguja ilikosa tamasha lake kubwa la muziki. Sauti za Busara, lililokuwa likifanyika Februari tangu 2004, lilifutwa kwa kukosa fedha, likarudi mwaka uliofuata. Ilipofika Julai, kusini mwa kisiwa hichohicho, watu wa Makunduchi wakaoga mwaka wao mpya, Mwaka Kogwa, kama walivyozoea. Hawakuwa na mfadhili wa kumsubiri.

Sisi wa Nsemulwa tunalifahamu zaidi tamasha la aina ya kwanza. Hapa Mpanda siku ya utamaduni huja na bajeti: ngoma zinaitwa, viti vya plastiki vinapangwa, mgeni rasmi anachelewa, na mwaka ukigeuka hakuna anayejua kama itarudi. Ndiyo maana niliporudi Makunduchi sikwenda tena kwa ajili ya picha. Nilikwenda na swali la fundi: hiki kitu kimeungwaje hata kikadumu?

Safari yenyewe sitaieleza sana. Kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam kwa reli unapita Kaliua na Tabora na kuvuka nchi karibu yote, kisha boti, kisha gari la kwenda kusini, kilomita 60 na ushei kutoka mjini Unguja. Anayetoka huku anafika akiwa amechoka kuliko mtalii aliyeruka kutoka Ulaya.

Tuanze na tarehe, kwa sababu huko ndiko uzito uliko. Mwaka Kogwa haufuati Januari wala Muharram. Unafuata hesabu ya Nairuzi, mwaka wa jua wenye siku 365 kamili, uliogawanywa katika miongo 36 ya siku kumikumi, na siku 5 za ziada mwishoni. Wavuvi na wakulima wa pwani waliishi kwa hesabu hii: mwongo fulani ni wa kusi kukaza, mwongo fulani ni wa kupanda, mwongo fulani usitie chombo baharini. Mwandamo wa mwezi ulitosha kwa saumu na Idi, lakini mwezi haumwambii mkulima mvua inakuja lini, maana mwaka wa mwezi hupungua siku 11 hivi kila unapozunguka. Watu wale wale, Waislamu kindakindaki, wakawa na kalenda mbili, kila moja na kazi yake. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, katika maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yaliyochapishwa 1903, tayari aliitaja siku ya mwaka na watu kuingia baharini kuoga.

Hesabu hii haina mwaka mrefu. Jua linahitaji siku 365 na karibu robo, na robo hiyo Nairuzi haiijali. Kwa hiyo kila baada ya miaka 4 Siku ya Mwaka inarudi nyuma kwa siku moja dhidi ya kalenda ya ukutani. Waajemi, wenye Nowruz ambayo ndiyo Nairuzi yetu, waliliona tatizo hili mapema. Mwaka 1079, chini ya Sultani Malik Shah, wanajimu waliokuwa pamoja na Omar Khayyam waliirekebisha kalenda na kuifunga Nowruz kwenye siku ambayo usiku na mchana hulingana, mwezi Machi. Ndiyo Nowruz ambayo Umoja wa Mataifa uliitangazia siku yake ya kimataifa mwaka 2010. Pwani yetu haikupokea marekebisho hayo. Ilibaki na hesabu ya kale.

Nilikaa na kalamu nikajaribu. Hesabu ya kale ya Waajemi huanzia kutawazwa kwa mfalme Yazdgerd wa Tatu, mwezi Juni mwaka 632. Ukiiacha iteleze siku 1 kwa kila miaka 4, bila mtu kuigusa, hadi miaka yetu hii, unaangukia katikati ya Julai. Na katikati ya Julai ndipo Makunduchi wanapooga. Baadhi ya Waparsi wa India, wale wanaoshika hesabu ya zamani kabisa, nao huadhimisha mwaka mpya wao katika siku hizohizo. Watu wanaweza kubishana mpaka kesho juu ya Ushirazi, yaani dai la watu wa pwani kwamba asili yao ni Uajemi: nani alitoka Shiraz na nani alijipa jina tu. Utafiti wa vinasaba vya mifupa ya kale ya pwani uliotoka katika jarida la Nature mwaka 2023 umeonyesha mchanganyiko wa Waafrika na Waajemi ulioanza karibu na mwaka 1000, na mama katika ndoa hizo walikuwa zaidi Waafrika. Kwangu mimi hesabu ya siku ni ushahidi mzito vilevile. Jina mtu hujibandika, lakini kosa la robo siku lililobebwa karne kwa karne ni vigumu kulibuni.

Kwa fundi, maana yake ni hii: tarehe ya Mwaka haipangwi na kikao. Ipo tayari, na wazee kazi yao ni kuhesabu. Hakuna ofisi inayoweza kuisogeza mbele ili waziri apate nafasi.

Uwanjani, kwanza ni pambano. Wanaume wa pande mbili za Makunduchi, kusini na kaskazini, wanakabiliana na mabua ya migomba. Safari ya kwanza niliona vurugu tu: kelele, vumbi, mabua yakipaa. Ukirudi, macho yanatulia, nikaanza kutazama silaha yenyewe. Bua la mgomba ni zito kidogo, limejaa maji, linapiga kwa mlio mkubwa na maumivu ya kadiri. Likipiga mara kadhaa linavunjika na kuchanika. Silaha inajimaliza yenyewe, na pambano linajimaliza nayo. Yeyote aliyelichagua bua, zamani hizo, alijua kwamba watu wenye kinyongo cha mwaka mzima hawawezi kuambiwa wapigane kidogo. Unawapa kitu ambacho hakiwezi kupiga sana. Na wanapigana majirani kwa majirani, watu watakaokutana kesho pwani au kisimani, ndiyo maana kinyongo kikitoka kinatoka mbele ya mashahidi.

Kisha kibanda. Kimejengwa kwa makuti, kidogo, na makuti makavu hayachelewi kushika. Mzee anaingia ndani, moto unawashwa, na anachomoka mbio huku watu wakipiga kelele. Wenyeji wanasema ni kinga: nyumba ikiungua katika mwaka unaoingia, mtu asifie ndani. Katika mji wa mapaa ya makuti hilo si jambo la mzaha. Moshi nao unatazamwa unakoelekea.

Wakati wanaume wanapigana na moto unawaka, wanawake wanazunguka uwanja kwa nguo mpya, wakiimba. Nyimbo zina mapenzi, zina kejeli, zina mafumbo yanayomgusa mtu fulani aliyesimama palepale. Hapa sijidai. Kikae, lahaja ya Makunduchi, kinanipita, na Kiswahili cha bara hakinifikishi mbali. Nilichoweza kukisoma ni nyuso: mstari fulani ukitajwa, kundi zima linageuka kumtazama mtu mmoja, naye anacheka ili asionekane ameumia. Wanaume wamepewa bua, wanawake wamepewa ulimi, na siku hiyo vyote viwili vina ruhusa.

Lakini yote hayo ni ya uwanjani, na mtalii huyaona vizuri kuliko mimi kwa sababu ana kamera ndefu. Jambo linaloushikilia Mwaka liko majumbani. Desturi ni kwamba siku hiyo nyumba isikose mgeni. Asiye na mgeni mezani anajihisi hana bahati, na majirani nao wanaona. Kwa hiyo mgeni haji kutazama sherehe; yeye ni sehemu ya vifaa vyake, kama makuti na mabua. Pasipo yeye nyumba haijakamilisha mwaka.

Safari ya kwanza nilikuwa nimekaa mahali pa kulala wageni, nikala huko, nikaja uwanjani, nikaondoka. Safari hii nilipitia kwa mtu anayefahamiana na ukoo wa pale, nikafikia nyumbani. Nilipofika mlangoni nikamwamkia bibi mwenyeji.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Bara wazima?”

“Wazima, bibi. Wanakusalimu.”

“Ulikuja kabla, sivyo? Hukula kwa mtu.”

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesahihisha daftari. Halafu nikakalishwa kwenye mbuzi nikaanza kukuna nazi pamoja na wakwe na mabinti wa nyumba, kwa sababu mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mgeni aliyerudi hana siku mbili za kwanza. Pale jikoni ndipo nilipoona ratiba halisi: nani anapelekewa sahani, nyumba ipi inaletewa mgeni wa ziada kwa sababu wao hawajapata, kijana gani aliyetoka mjini ametumwa kutafuta mgeni barabarani. Wali hauondoki motoni mpaka hesabu ya wageni iwe imekaa sawa.

Hapo ndipo nina neno juu ya jukwaa. Viongozi wa serikali huja, vipaza sauti vinafungwa, hotuba zinasomwa, usiku kuna muziki wa vijana. Sioni ubaya wa muziki. Vijana wanaorudi kwa ajili ya muziki wanarudi hata hivyo. Tatizo langu ni mabasi ya watalii yanayofika saa ya moto na kuondoka kabla ya chakula. Watu mia wamekuja, na hakuna nyumba hata moja iliyopata mgeni. Mwongozaji anayewaleta angeweza kuongea na wazee kabla, akawagawa kwa majirani, watatu au wanne kila nyumba. Ni kazi ya simu chache, na ingekuwa Mwaka badala ya onyesho.

Je, huku kwetu? Karibu na Ziwa Katavi, ndani ya hifadhi iliyotangazwa 1974, upo mkwaju unaohusishwa na mzimu wa Katabi, na watu bado huacha sadaka hapo kuomba heri. Mahali papo, imani ipo. Lakini kila mtu huenda kwa siku yake, kwa haja yake, na hakuna nyumba inayolazimika kumpikia mwenzake. Nsemulwa tuna Wabende, Wapimbwe, Wakonongo, Wafipa, Waha, Wasukuma na wengine waliofuata reli, dhahabu na mashamba. Hatuna pande mbili za kale za kupigana, na sidhani tunahitaji kuzibuni. Tarehe isiyohamishika tungeweza kuipata, tuseme ile ya kuingia shambani mvua za Novemba zinapokaribia. Kazi ngumu ni ile ya pili, kukubaliana kwamba siku hiyo nyumba ya Mfipa isikae bila Msukuma mezani.

Nirudi kwenye hesabu, maana kuna swali ambalo nilimuuliza bibi tukiwa tunasubiri nazi ichujwe. Kwa jinsi Nairuzi inavyoteleza, baada ya miaka 200 hivi Mwaka utaangukia mwishoni mwa Mei, na karne moja na nusu baadaye utakuwa ndani ya Aprili, masika yenyewe. Makuti ya kibanda yatakuwa yamelowa. Bibi alifikiri kidogo, akageuza chujio.

“Basi wayaanike ndani,” akasema. “Na wewe usikawie kuikuna hiyo nyingine.”