Herufi, Toni na Kiha: Hoja juu ya Fonti za Kompyuta za Unix

Husemwa mara nyingi kwamba lugha nyingi za bara hazikuandikwa kwa ukamilifu kwa sababu mashine hazikuwa na herufi zake. Hoja hii inapendeza, maana huwaondolea watu lawama na kuitwika chuma. Lakini hoja ikipendeza ndipo yafaa kupimwa zaidi. Kiha ni kipimo kizuri. Ni lugha ya nyanda za juu za Kigoma, yaani Kasulu na Kibondo, pamoja na Buhigwe na Kakonko zilizomegwa kutoka wilaya hizo mbili mwaka 2012. Mashine za kupimia ziwe zile kompyuta za Sun, HP na DEC zilizoendeshwa kwa Unix, ambazo vyuo vingi vya ulimwengu vilizitumia tangu miaka ya 1980 kuandalia makala na kamusi.

Kwanza itazamwe lugha yenyewe. Katika orodha ya Guthrie, Kiha kimewekwa katika kundi moja na Kirundi na Kinyarwanda. Irabu zake ni tano kama za Kiswahili, na konsonanti zake zaweza kuandikwa kwa herufi za Kilatini zilizozoeleka. Mambo mawili tu yanakosa nafasi katika tahajia iliyoazimwa kutoka Kiswahili, nayo ni urefu wa irabu na toni. Kutofautisha sauti fupi na ndefu, au ya juu na ya chini, si pambo katika lugha za kundi hili. Katika Kirundi, jirani yake wa karibu, neno linaloandikwa inda laweza kuwa tumbo, na laweza kuwa chawa. Toni ndiyo huamua. Toni huingia pia katika vitenzi na kusaidia kutenga nyakati na hali.

Mtu aliyelelewa kwa Kiha cha Heru au cha Muhambwe hujaza pengo hilo kwa sikio lake, wala hahisi kwamba amelijaza. Lakini mwanafunzi aliyekulia Dar es Salaam, au mjukuu wa Kasulu aliyefundishwa shuleni kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza, hana sikio hilo. Akipewa methali au kitendawili kisicho na toni, ataona maneno tu asiuone mchezo wa maneno. Mhakiki naye hawezi kupima mapigo ya utungo ambao nusu ya muziki wake haikuandikwa. Siku mzee aliyeusema akiondoka, karatasi haitoi tena ushahidi kamili.

Sasa zitazamwe mashine. Mpango wa namba za herufi uitwao ASCII, uliotolewa Marekani mwaka 1963, ulitosha kwa Kiingereza. Ulitosha kwa Kiswahili pia, kwa kuwa tahajia iliyosanifiwa chini ya Kamati ya Lugha tangu mwaka 1930 haikuhitaji alama juu ya irabu. Kwa Kiha chenye toni haukutosha. Hapo mashine yastahili lawama. Lakini mwaka 1987 mambo mawili yalitokea. Mfumo wa madirisha wa X ulitolewa katika toleo lake la 11, na kiwango cha ISO 8859-1 kikatangazwa. Fonti nyingi zilizofuatana na mfumo huo zilifuata kiwango hicho, na ndani yake zilikuwamo á, é, í, ó, ú na â, ê, î, ô, û. Wataalamu wa lugha za Kibantu hutumia kistari kinachopanda kuonyesha toni ya juu, na kofia kuonyesha sauti inayoshuka. Irabu ndefu yaweza kuandikwa kwa kurudia herufi. Basi tangu wakati huo mtu aliyeketi mbele ya kompyuta ya Sun aliweza kuandika Kiha na toni zake bila kuchonga herufi hata moja.

Ushahidi mwingine uko ng'ambo ya mpaka. Taipureta za Kifaransa zilizotumika Burundi zilikuwa na kofia ya kuwekwa juu ya irabu, lakini tahajia ya kawaida ya Kirundi haikuonyesha toni. Alama ilikuwapo, mapatano ya kuitumia hayakuwapo. Basi usemi kwamba mashine ndiyo iliyokataa ni kweli nusu tu. Nusu ya pili ni kwamba watu hawakuamua.

Hata hivyo kuna mahali fonti zilidhuru kweli, napo ni katika kugeuzwa. Hapa ni lazima kutenga kazi mbili ambazo huchanganywa daima. Kazi ya kwanza ni kugeuza umbo la fonti. Faili la BDF ni maandishi ya kawaida ambayo mtu yeyote aweza kuyasoma: kila herufi ina jina lake, namba yake, na safu za tarakimu zinazoeleza ni nukta zipi ziwe nyeusi. Programu ya bdftopcf hulifanya kuwa faili la PCF ambalo kompyuta hulisoma upesi. Mkfontdir huandika orodha iitwayo fonts.dir, kisha xset huambiwa iitazame upya njia ya fonti. Kazi hii ikiharibika huonekana mara moja, maana skrini hutoa herufi mbovu au haitoi kitu.

Kazi ya pili ni kugeuza maandishi yenyewe kutoka mpango mmoja wa namba kwenda mwingine. Hii ikiharibika yaweza kunyamaza. Kompyuta za HP zilitumia mpango wao uitwao Roman-8, ambamo namba 192 ni â na namba 193 ni ê. Katika ISO 8859-1 namba hizo hizo ni À na Á. Tuseme faili la methali za Kiha limeandikwa kwenye HP, kisha likafunguliwa kwenye Sun. Herufi kubwa zitachomoza katikati ya maneno. Karani mwangalifu ataona kosa, naye atazifanya ndogo: À itakuwa à, na Á itakuwa á. Ukurasa sasa unapendeza. Lakini à, kwa desturi ya wataalamu, ni toni ya chini. Kwa hiyo sauti iliyokuwa inashuka imekuwa ya chini tangu mwanzo. Na pale palipokuwa na ê pamekuwa na á, yaani irabu yenyewe imebadilika pamoja na toni. Karani hakuwa mvivu. Alisahihisha sura ya herufi bila kuuliza sauti yake.

Liko kosa jingine lililo safi zaidi, nalo ni kufuta alama zote ili faili lipite kila mahali. Matokeo yake hayana doa, wala hakuna kitu ukurasani kinachoonya kwamba kilichokuwapo hakipo. Kwa sababu hiyo ni kosa baya kuliko lile la kwanza. Herufi mbovu humchochea msomaji kuuliza. Herufi iliyonyolewa humtuliza.

Kiswahili nacho hakikusalimika, ingawa hudhaniwa kwamba hakina haja. Neno ng'ombe hutegemea kikato kimoja. Katika fonti za zamani za X, alama namba 39 ilichorwa imeinama, ikapendeza kama ya kitabuni. Kwingineko alama hiyo hiyo ilichorwa wima. Programu nyingi huihesabu kuwa alama ya kunukuu, si sehemu ya herufi, na kulikata neno vipande viwili wakati wa kutafuta. Kwa hiyo tatizo si la lugha ndogo peke yake. Ni la kila lugha ambayo waliotunga mpango wa namba hawakuwa wakiifikiria.

Walioifikiria Afrika walikuwapo, na kazi yao yastahili kupimwa kwa haki. Mwaka 1993 Jörg Knappen alieleza katika jarida la TUGboat fonti zake ziitwazo fc, zilizotungwa kwa METAFONT ya Donald Knuth kwa ajili ya lugha kubwa za Afrika zinazotumia herufi za Kilatini. Sifa yake ni kwamba alianza na lugha, kisha akaenda kwenye herufi. Kasoro ya njia ile haikuwa yake peke yake: nafasi zilikuwa 256 tu, na kila mpango wa namna hiyo uliongeza mnara mwingine katika Babeli ya namba.

Njia nyingine ilizaa zaidi. Matthew Carter alichora Charter mwaka 1987, akikusudia isomeke vema katika printa za nukta chache. Mwaka 1992 kampuni ya Bitstream iliitoa kwa wenye mfumo wa X kwa masharti yaliyoruhusu kuigeuza na kuigawa. Kutokana na ruhusa hiyo ilipatikana Charis SIL, ambayo hufuata Unicode na huweza kupandisha alama juu ya alama bila kuzigonganisha. Fonti ya kompyuta za Unix ikawa mama wa fonti inayofaa kuandikia toni za Kiafrika. Somo lake ni wazi: ruhusa ilifanya kazi ambayo ufundi peke yake usingaliifanya.

Lakini hata Unicode haimwondolei mhariri wajibu. Herufi á yaweza kuhifadhiwa kwa namba moja, au kwa namba mbili, ya irabu na ya alama. Kwa jicho ni moja. Kwa kompyuta isiyosawazisha ni mbili. Kamusi ya Kiha iliyochanganya njia hizo itaficha maneno yake mwenyewe.

Wako waliolibeba jukumu hili. Msamiati wa Kiha wa Nakagawa ulitoka Tokyo mwaka 1992, na sarufi ya Lotta Harjula ilitoka Köln mwaka 2004 pamoja na matini na msamiati. Vitabu hivyo vyaonyesha kwamba Kiha kimeweza kuchunguzwa kwa makini. Vyaonyesha pia kwamba vilichapwa mbali na Kasulu na Kibondo, na mtaalamu ndiye msomaji wake wa kwanza.

Basi anayekusanya fasihi ya Waha apimwe kwa mambo matatu. Aseme wazi tahajia aliyoichagua, na kama ameacha toni aseme kwamba ameiacha. Alihifadhi faili la asili bila kuliandika juu, pamoja na jina la mpango wa namba alioutumia. Na baada ya kila kugeuza, ukurasa usomwe kwa sauti mbele ya msemaji wa Kibondo na wa Kasulu, kwa kuwa Kiha cha huku na cha kule si kimoja kabisa. Programu hujua kama namba zimelingana. Kama neno ni tumbo au chawa, mwenye lugha ndiye ajuaye.