Printa ya Stallman na slaidi zetu

Kama umewahi kukaa kwenye ukumbi wa chuo ukisikiliza mada kuhusu programu huria, ile slaidi ya tatu huenda unaijua. Imeorodhesha uhuru wa aina nne, namba zinaanzia sifuri, na mtoa mada anausoma mmoja baada ya mwingine huku watu wa viti vya nyuma wakiangalia simu zao. Mpaka leseni zinapotajwa, ukumbi umeshalala.

Orodha hiyo ina baba yake: Richard Stallman, Mmarekani aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983. Tatizo ni kwamba sisi tumerithi orodha tukaiacha hadithi. Hebu tafuta hotuba aliyoitoa Mei 2001 katika Chuo Kikuu cha New York. Maandishi yake yapo mtandaoni, ni marefu, na kusema kweli kuna mahali yanachosha. Lakini isome ukijiuliza jambo moja tu: mtu asiyejua kuandika hata mstari mmoja wa msimbo, hapa atashikwa na nini?

Atashikwa na printa. Maabara ya akili bandia pale MIT ilikuwa na printa ya zamani iliyokuwa ikikwama karatasi. Stallman na wenzake walikuwa na msimbo wake, basi wakaurekebisha ili printa ikikwama, wanaosubiri kazi zao wapate ujumbe kwenye kompyuta, na mmoja wao aende kuikwamua. Baadaye Xerox ikawapa printa mpya, ya leza, nzuri kuliko ile. Nayo ikakwama, ila safari hii msimbo hawakuwa nao. Unatuma kazi, unasubiri, unaenda chumba cha printa, unakuta imesimama muda mrefu na hakuna aliyejua. Stallman akasikia kwamba kuna mtu Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon anao msimbo. Akamfuata, akamwomba. Jamaa akakataa: alikuwa ameahidi kutompa mtu.

Basi. Hakuna neno la kitaalamu hapo, na bado umeelewa kila kitu. Mtu ana ujuzi wa kutengeneza kitu kilichoharibika, kitu kiko mbele yake, na kuna ahadi ya mtu mwingine inayomzuia. Ule uhuru wa aina nne ni majibu, na printa ndiyo swali. Watoa mada wetu wanatusomea majibu ya mtihani ambao hatujauona.

Kuna kingine tunachokibeba bila kukikagua. Stallman hutumia muda kueleza kwamba anazungumzia uhuru wa kusema, si bia ya bure. Analazimika, kwa sababu Kiingereza kina neno moja kwa maana zote mbili. Sasa Kiswahili kina huria na kina bure, maneno mawili yasiyofanana hata kidogo. Ila utamwona mtoa mada wa Kiswahili anasimama anatafsiri maelezo ya bia, dakika tano nzima, kuondoa utata ambao hadhira yake haukuwa nao. (Na nusu ya ukumbi hawanywi.)

Utata wetu uko kwingine. Kwetu bure ina harufu ya hasara: kazi bure, mtu bure. Rahisi ni ghali, tunasema. Kwa hiyo ukimwambia mwenye duka au mwalimu kwamba programu hii hailipiwi, anachosikia ni kwamba haina mwenyewe na siku ikiharibika atahangaika peke yake. Dakika tano za bia zingefaa kutumika hapa.

Na hapa usidanganye. Mada nyingi hutamba kwamba msimbo ukiwa wazi macho ni mengi, kwa hiyo makosa yanaonekana haraka. Aprili 2014 lilitangazwa kosa lililoitwa Heartbleed katika OpenSSL, programu huria iliyokuwa ikilinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya tovuti duniani. Lilikuwa limekaa humo wazi kwa miaka miwili hivi. Mradi wenyewe ulikuwa ukipata michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Macho yaliruhusiwa kutazama, ila waliolipwa kutazama walikuwa wachache mno. Ningempa mtoa mada alama nyingi kwa kisa hiki kuliko kwa slaidi kumi za sifa, maana anayeuliza nani anawajibika ameuliza swali la maana.

Wapo pia wanaomwiga Linus Torvalds. Hotuba yake ya mwaka 2007 pale Google, kuhusu Git aliyoianza Aprili 2005, bado inatazamwa, na inavutia kwa sababu ni ugomvi: anaponda mifumo iliyotangulia na anasema wasiokubaliana naye ni wajinga na wana sura mbaya. Waliokuwa mbele yake walikuwa wahandisi, wakacheka. Peleka kejeli hiyo kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, uone wangapi watarudi wiki ijayo.

Ukitaka ukumbi ukae macho, fungua kitu. QGIS, programu huria ya ramani, inafungua data za OpenStreetMap. Sogea mpaka Tandale, Dar es Salaam. Vichochoro na mifereji inayoonekana hapo ilichorwa na wakazi pamoja na wanafunzi, na mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwaingiza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi katika kuchora kata zinazokumbwa na mafuriko. Muulize aliyeko mbele anaishi wapi, mtafute kwake, na kama njia yake haipo, iongezeni hapohapo kwenye OpenStreetMap. Bando litaliwa kidogo, vumilia.

Halafu acha muda wa maswali, si dakika tatu za mwisho huku mshereheshaji akionyesha saa. Swali la kwanza karibu kila mara ni nani anawalipa hawa watu. Jibu lipo: wengi wanaoandika kiini cha Linux ni waajiriwa wa kampuni kama Intel, Red Hat na Google, kwa sababu kampuni hizo zinakitumia. Stallman, pamoja na urefu wake wote, pale New York alisimama akajibu maswali mengi, hata ya waliompinga.