Rudolph na Methali ya Wakunga

Wahenga walinena, "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo." Methali hii na iwe mizani yetu, msomaji, tunapoipima filamu moja ya Krismasi iliyopendwa Marekani kwa miaka 60 na zaidi. Jina lake ni "Rudolph the Red-Nosed Reindeer", yaani Rudolph, reindia mwenye pua nyekundu. Ilionyeshwa mara ya kwanza katika televisheni ya NBC tarehe 6 Desemba 1964, na tangu hapo imerudi kila mwaka.

Reindia ni mnyama wa nchi za baridi kali, wa ukoo wa ayala, mwenye pembe za matawi. Katika ngano za nchi hizo ndiye avutaye gari la Baba Krismasi usiku wa kugawa zawadi. Kisa cha Rudolph kiliandikwa na Robert L. May mwaka 1939. Johnny Marks, shemeji yake, alikitungia wimbo uliovuma mwaka 1949. Kisha Arthur Rankin na Jules Bass wakakigeuza filamu, wakaitia nyimbo nyingi za Marks huyo huyo.

Usidhani kwamba wachezaji wake ni watu wa nyama na damu. Ni vinyago vidogo. Fundi hukiweka kinyago mahali pake, akapiga picha; hukisogeza kidogo mno, akapiga nyingine. Filamu hupitisha picha 24 katika sekunde moja, na jicho hudanganyika likaona kinyago chatembea. Kazi hiyo ya subira ilifanywa Japani chini ya uongozi wa Tadahito Mochinaga. Mwendo wa vinyago hauna ulaini wa mwendo wa viumbe hai, hukatika-katika kidogo. Lakini upungufu huo waifaa hadithi, kwa kuwa yasimulia habari za viumbe wasiofanana na wenzao.

Rudolph azaliwa na pua ing'aayo kama taa. Donner, baba yake, aona haya, aifunika pua ile kwa tope. Pua ya bandia aliyovishwa baadaye inapobanduka mbele ya vijana wenzake, wamcheka, na mwalimu wao amtenga na michezo. Hata Baba Krismasi, ambaye tungalitazamia awe mwema kupita wote, amkemea Donner kwa kuwa na mtoto wa namna hiyo. Rudolph atoroka pamoja na Hermey, mtumishi wa karakana ya vichezeo ambaye moyo wake wataka uganga wa meno. Mwishoni tufani ya theluji yaifunika nchi, njia haionekani, na Baba Krismasi amwomba Rudolph atangulie, pua yake iwe taa ya msafara. Aliyetukanwa amekuwa mkunga, na saa ya uzazi imefika.

Hapa watazamaji hushangilia, wala sikulaumu ukishangilia pamoja nao. Lakini mhakiki hana budi kuuliza swali moja zaidi: kama tufani isingalivuma, Rudolph angaliheshimiwa? Ni kweli kwamba kabla ya ombi hilo wenyeji wake walikwisha kuanza kujuta. Hata hivyo majuto yale yapita kwa maneno machache, na shangwe yote yawekewa siku ya faida. Tazama na wengine. Hermey akubaliwa baada ya kuling'oa meno zimwi la theluji. Zimwi nalo lapata kazi kwa urefu wake, kwani laweza kuweka nyota juu ya mti wa Krismasi pasipo ngazi. Kila mmoja amelipa kiingilio.

Wako wasio na cha kulipa. Safarini Rudolph afika katika kisiwa cha vichezeo vilivyokataliwa: gari-moshi lenye magurudumu ya pembe nne, ndege asiyeruka bali huogelea, tembo mwenye madoadoa. Hivi haviwezi kuokoa safari ya mtu. Haja yao ni kupendwa na mtoto, basi. Katika onyesho la 1964 viliahidiwa msaada, na filamu ikaisha bila ya kuchukuliwa. Watazamaji walilalamika. Mwaka 1965 watengenezaji wakaongeza sehemu ambayo Baba Krismasi aenda kisiwani kuvichukua.

Naona sehemu hiyo fupi yazidi kwa thamani ushindi wote wa pua nyekundu, maana humo wema watolewa bila ya malipo. Tena haikutoka kwa watunzi peke yao. Ilidaiwa na watazamaji walioona kwamba haki haijatimia. Jifunze hapo, msomaji, kazi ya uhakiki: kuipenda hadithi, na kuidai deni lake.

Methali yetu ni ya hekima, lakini yatufundisha kumheshimu mtu kwa kuwa tutamhitaji kesho. Huenda katika darasa lako yumo mwenzako achekwaye kwa kigugumizi chake au kwa viatu vyake. Usingoje afunge bao la ushindi, au aongoze katika mtihani, ndipo umpe mkono. Labda hatafunga bao maisha yake yote. Asiyekuwa mkunga naye asitukanwe.