Neno Moja, Vinywa Vingi

Wako wafasiri wadhanio kwamba kila neno la Kiingereza lina ndugu mmoja tu katika lugha nyingine. Hilo ni kosa, nasi tutaliona kwa mfano wa Kiswidi, lugha ya watu wa Uswidi.

Chukua neno "please". Mswidi aagizaye kahawa husema "tack", ambalo maana yake hasa ni "asante". Mtoto ambembelezaye mamaye husema "snälla", yaani "ewe mwema". Naye ampishaye mgeni mlangoni husema "varsågod". Ukimtia mnunuzi neno "snälla" kinywani, umemgeuza mwombaji.

Neno "you" lina mtego zaidi. Zamani mkubwa aliitwa kwa cheo hata usoni pake: "Je, daktari atakunywa kahawa?" Neno "du" lilikuwa la jamaa na rafiki. Mwaka 1967 Bror Rexed, alipoanza kuongoza idara ya serikali ya afya, alitangaza kwamba angewaita watumishi wote "du". Na desturi hiyo, iliyokwisha kuchipua, ikaenea upesi. Basi mfasiri wa hadithi ya mwaka 1950 akimfanya karani amwite mkuu wake "du", amemvunjia adabu mtu asiye na hatia.

Nasi vivyo hivyo: "good morning" kwa mzee ni "shikamoo", kwa rika ni "habari za asubuhi". Kwa hiyo, msomaji, kabla hujafungua kamusi jiulize: nani asema, na nani, wapi, tena lini?