Heko kwa Mafundi wa Hartford

Nawapa heko mafundi wa Samuel Colt wa Hartford, Marekani, na hasa msimamizi wao Elisha Root, bingwa wa mashine za kuchonga vipuri. Bastola yao ya mwaka 1851, iitwayo Navy, ni ufundi uliokamilika.

Haitumii ganda. Matundu sita ya silinda hujazwa kwa mbele: baruti nyeusi kwanza, kisha tufe la risasi lililo kubwa kidogo kuliko tundu lenyewe. Wenzo ulio chini ya mtutu hulishindilia hadi linyolewe pete nyembamba ukingoni, na pete hiyo ndiyo ushahidi kwamba tundu limezibwa barabara. Juu yake hupakwa mafuta mazito, cheche zisirukie matundu jirani. Nyuma ya kila tundu huvikwa fataki ya shaba. Kuvuta nyundo huzungusha silinda na kuifunga mahali pake. Nyundo ikianguka, fataki hulipuka na kuwasha baruti.

Tena silinda hiyo ilinakshiwa mapigano ya majini ya Campeche ya 1843! Bastola hii ilitengenezwa hadi 1873, na kwa uzuri wa umbo sijaona ya enzi zake inayoishinda.